Choki ya Bata Mzinga

Nimefanya kazi miaka kumi na minane kwenye karakana ya fundi bunduki hapa Johannesburg, na kama kuna kitu nimejifunza ni hiki: mtu akiingia na kuanza kwa kusema anataka "ile inayobana kuliko zote," huyo hajawahi kuua hata panzi. Watu wa namna hiyo nawatambua kwa viatu. Viatu vya ngozi rangi ya mchanga, ambavyo mchanga wenyewe havijawahi kuukanyaga.

Kinachobana ni choki. Bunduki ya marisau hairushi risasi moja, inarusha vijipunje vingi kwa mpigo mmoja, na kwenye mdomo wa mtutu wake hufungwa kijibomba kifupi cha chuma, urefu wa kidole, kilichopunguzwa upana kwa ndani. Hiyo ndiyo choki. Ikibana, marisau hutoka yameshikana na kwenda mbali yakiwa kundi moja. Ikiachia, husambaa mapema. Habari yote ni hiyo, haihitaji shahada. Kwenye ukingo wa kila choki kuna alama zilizochongwa: alama moja ndiyo inayobana kabisa, alama nne inaachia. Wateja wengi huhesabu kinyume, wakaona nne lazima iwe na nguvu kuliko moja. Zamani nilikuwa nawasahihisha wote. Siku hizi nawasahihisha wanaosalimia.

Bosi wangu, mzee wa Kizungu asiye na maneno mengi, ana maboksi ya karatasi anayoyasimamisha uwanjani kwa wanaobisha. Hatua kumi na tano, choki ya alama nne: matundu yanaenea eneo la sinia ya kulia watu wanne. Hatua hizo hizo, choki ya kubana: sahani ya kikombe cha chai. Sasa mpeleke mtu wa sahani ya kikombe kwenye vichaka vya miiba, ambako ndege anaonekana kufumba na kufumbua, anakimbia, tena yuko hatua kumi tu kutoka puani mwako. Atapiga matawi siku nzima. Na akibahatika kumpata ndege, hatapata nyama, atapata manyoya na aibu.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alikuwa mtu wa sahani ya kikombe.

Alikuwa na duka la mablanketi na mapazia Fordsburg, na nyumba Mayfair, karibu sana na msikiti, karibu kiasi kwamba kila Ijumaa alikuwa wa mwisho kufika. Alitangulia mji huu kabla yangu na hakuacha siku ipite bila kunikumbusha. Akizungumza nami alisema "ninyi wa Berea," yaani mtaa ninaokaa, kana kwamba kutoka kwake kuja kwangu kunahitaji viza. Alikuwa na bunduki aliyoinunua ili aingie klabu ya wawindaji, watu ambao kwa ninavyojua mimi wamewinda zaidi nyama ya kuchoma kuliko mnyama yeyote mwenye miguu. Alipoileta karakana isafishwe, nilitoa utando wa buibui ndani ya mtutu. Nikamwonyesha. Akasema ni vumbi.

Mama yake mzazi alikuwa akilala kwangu, ghorofa ya tano, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sijahamia. Alitoka Handeni kuja kutibiwa tumbo. Nyumba ya Mayfair, shemeji aliniambia, ilikuwa inapakwa rangi. Ilipakwa rangi miezi saba. Vijana wa Kikongo wa ghorofa ya chini walimpandisha mama kwenye kiti cha plastiki siku ya kwanza, na baada ya hapo alishuka kwa ajili ya hospitali tu. Mwisho wake hospitali ilimrudisha na vidonge vya maumivu na maneno mazuri, nasi tukajua maana ya maneno mazuri.

Yeye alijua kabla yetu. Mimi na mama mkwe tulikuwa na heshima ya kwetu, ya kuachiana mlango na kutozungumza sana, lakini alizoea kuniita asubuhi kabla sijakwenda kazini. Nilikuwa namwamkia, ananiitikia marahaba baba, halafu ananiuliza swali moja tu, mara nyingi kuhusu kazi. Alikuwa mtu pekee katika ukoo ule aliyeiona kazi yangu ni kazi.

Asubuhi moja ya Jumapili, mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio, hajala kitu tangu juzi isipokuwa vijiko vya uji, akasema, "Nina hamu na kanga."

Binti yangu ana miaka kumi na mitatu na amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri ila anakijibu kwa Kiingereza, au kwa Kizulu akiwa na hasira. Aliondoka mbio, akafungua kabati la mama yake, akarudi na doti mpya ya kanga, nyekundu, bado ina ukakamavu wa dukani. Akaifungua na kumfunika bibi yake mabegani, vizuri kabisa.

Mama mkwe akaangalia kitambaa, akacheka mpaka akashika tumbo. "Huyu haliwi, mjukuu wangu," alisema. "Mimi nataka yule mwenye miguu."

Kanga wa porini, mwenye madoa. Supu yake. Akatueleza, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile, jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akiwinda kanga kwenye vichaka vya Handeni kwa gobore, na jinsi yeye, mke kijana, alivyokuwa akimfuata nyuma. Gobore halina choki. Mdomo wake uko wazi kama wa bomba la maji, linamwaga marisau kwa upana na kumvunja ndege bawa au mguu. Hapo ndipo mbio zinapoanza. Yeye anatimua, anamkamata ndege miguuni, mume anafika na kisu, anasoma, anachinja. Ndege aliyekufa kabla ya kisu walimwacha pale pale, hata kama wamelala na njaa.

Neno lake lilikuwa moja. "Baba yenu alikuwa anawahi," alisema.

Sisi wa Tanga ndivyo tulivyofundishwa: ndege aliyeuawa na risasi, kisu kikamkuta keshakata roho, ni kibudu. Najua wako wanaosema vingine, na hapa mjini ukitafuta fatwa ya kukufurahisha hukosi mtu wa kukupa. Mama mkwe hakuwa na haja ya kufurahishwa. Alikuwa na haja ya supu ya kanga aliyechinjwa, na alisema wazi kwamba akishaionja, tumrudishe nyumbani au tusimrudishe, kwake ni sawa.

Mimi sina leseni ya bunduki. Nilikuwa tayari nimezungumza na mteja wetu mmoja, mkulima wa upande ule wa milima ya Magaliesberg, anitafutie mtu wa kupiga nami niende na kisu. Ndipo mke wangu, kwa moyo wake mwema ambao umetuponza mara nyingi, akampigia simu kaka yake.

"Mama yangu, bunduki yangu," shemeji alisema. Suala likaisha hapo. Mwanamume ambaye hajampandia mama yake ngazi kwa wiki tano sasa alikuwa mwana mpendwa mwenye silaha.

Alikuja karakana siku ya Jumatano na kiboksi cheusi. Juu ya kiboksi kulikuwa na picha ya bata mzinga ametandaza mkia. Ndani mlikuwa na choki ndefu, nyeusi, imetobolewa matundu pembeni kwa urembo. Nilijua ni nini kabla hajaifungua. Wamarekani huitumia kuwinda bata mzinga wa porini: ndege anasimama mbali, ametulia, ameinua shingo, nawe umekaa umeegemea mti unamlenga kichwa. Kwa kazi hiyo inafaa sana. Hapa Johannesburg bata mzinga anapatikana Desemba, kwenye friji za supamaketi, na hajawahi kumsumbua mtu.

"Shemeji," nikamuuliza, "huyo bata mzinga yuko wapi?"

"Eish, shem, wewe fundi wa zamani. Nimeangalia video zote. Jamaa wanaua nayo hatua hamsini, sharp, ndege hagusi chini mara mbili."

"Kanga atakuwa hatua kumi. Kwenye miiba, anakimbia."

"Basi atakufa zaidi."

Atakufa zaidi. Nimekaa na sentensi hiyo miaka mitatu na bado sijaichoka. Nilimweleza, kwa adabu kabisa, kwamba hatutaki afe. Tunataka avunjike bawa, nimwahi na kisu, mama ale. Nikamwambia afunge alama nne, ya bunduki yenyewe, iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Choki zake za kiwandani nilikuwa nazo zote kwenye droo yangu kwa sababu mara ya kwanza alipoziona aliniambia nizitupe.

Akacheka. Akanipiga kofi begani, mbele ya wateja wawili. "Shem, wewe kazi yako kusafisha. Kupiga niachie mimi."

Nikaifunga hiyo choki yake ya bata mzinga kwa mkono wangu mwenyewe, nikaikaza barabara. Alipoondoka nikachukua ile ya alama nne na ufunguo wake nikaweka kwenye mfuko wa ndani wa koti langu la baridi. Wakati ule nilijiambia ni kwa ajili ya mama. Na ilikuwa kweli, nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilikuwa nimeshaiona Jumamosi nzima kichwani: atakosa mara ya kwanza, uso utamshuka, atanigeukia na kuniomba, na mimi nitaitoa taratibu kama mtu anayetoa peremende. Nilitaka aniombe. Miaka yote ile ya "ninyi wa Berea," nilitaka aniombe mara moja tu.

Jumamosi akanichukua alfajiri na pikapu yake, bakkie kwa lugha ya huku. Alikuwa amevaa suti ya wawindaji, kofia hadi soksi, yote imechorwa majani mabichi ya misitu ya mbali huko. Huku kwetu mwezi wa sita nyasi zimekauka, nchi nzima ni rangi ya uji. Aliposhuka shambani alionekana kama mchicha juu ya ugali. Mkulima alimwangalia, akaniangalia mimi, akakohoa kidogo. Akatuonyesha kichaka kirefu kando ya mto mkavu, akasema kanga wamo humo kila asubuhi, na tuna muda mpaka saa nne, kwa sababu saa nne anapitisha ng'ombe hapo kwenda kunywa maji na hataki mlio wa bunduki. Kisha akarudi nyumbani kwake kunywa kahawa.

Tukaingia, shemeji mbele na bunduki, mimi nyuma na kisu. Miiba ilikuwa mpaka kifuani. Kanga tuliwasikia kabla ya kuwaona, wanapiga ile kelele yao ya mlango usiotiwa mafuta. Wa kwanza akakatiza kwenye uwazi, hatua kumi na mbili hivi, amenyoosha shingo anakwenda zake. Shemeji akapiga. Tawi moja la mwiba likakatika safi, kama limekatwa na panga, na kanga akaendelea na safari.

Tukasimama. Moshi ukaisha. Shemeji akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue uso wake haukuwa na mbwembwe yoyote. Ulikuwa uso wa mtu ambaye mama yake anakufa.

"Shem," akasema, "tatizo nini?"

Hilo ndilo nililokuwa nimelingojea tangu Jumatano. Mkono ulikuwa umeshaingia kotini, kidole kiko juu ya chuma. Lakini "tatizo nini" sikuiona ni kuomba. Niliiona ni kuuliza tu, kama anavyomuuliza mfanyakazi wake dukani kwa nini pazia limeanguka. Nikataka zaidi. Nikataka aseme, ulikuwa sahihi, shemeji, nisaidie.

"Hamna tatizo," nikamwambia. "Bunduki ya bei hiyo, iache ikuzoee."

Akatikisa kichwa kukubali. Aliniamini! Akaigeuza bunduki mbele ya macho yake, akaifuta vumbi kwa mkono wa suti, akaendelea mbele.

Mara ya pili waliruka wawili kwa pamoja kutoka miguuni kwetu. Akapiga mara mbili, hakupata hata unyoya. Mimi nilikuwa nyuma yake, mkono mfukoni, nikizipapasa zile alama kwa kidole gumba: moja, mbili, tatu, nne. Nilifurahi. Sitaki kulizungushazungusha jambo hili. Nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi harusini. Kila alipokosa nilikuwa nikitunga maneno ya kumsimulia bosi wangu Jumatatu, na ya kumsimulia mke wangu jioni, na nilikuwa nimeshaanza kutunga sauti ya kuyasemea.

Ilipokaribia saa nne tukamkuta mmoja amejibana pembeni mwa rundo la matawi yaliyokatwa, hana pa kupita. Hatua saba. Alisimama akatutazama kwa jicho moja, mnene, na madoa yake yamepangika vizuri. Nikaanza kusoma bismillahi moyoni. Shemeji akalenga kwa muda mrefu, kama alivyoona kwenye video, akapiga.

Nilikimbia. Hata kwa choki ile, hata nikijua, miguu ilikimbia yenyewe na kisu mkononi. Nilichokikuta hakikuwa na kichwa. Shingo ilikuwa nusu, kifua kilikuwa tundu la kuingiza ngumi, na bawa moja lilikuwa bado linatetemeka kwa mazoea tu. Hapakuwa na kitu cha kuwahi.

Shemeji akafika anahema. "Chinja."

"Nichinje wapi?"

"Chinja bwana, damu bado ya moto!"

"Ni kibudu hicho, shemeji. Hata shingo hana."

Akaninyang'anya kisu. Akapiga magoti kwenye miiba na suti yake ya majani, akasema bismillahi kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mkulima, akakata kile kipande cha shingo kilichobaki. Halafu akainuka, mikono imejaa damu na manyoya, akasema bila kunitazama, "Mama hajui."

"Mama hajui nini? Mama amekula kanga kabla wewe hujazaliwa."

Akafuta kisu kwenye nyasi kavu. Kwa mbali tulisikia ng'ombe. Bado palikuwa na dakika kumi, labda kumi na tano, na ng'ambo ya mto mkavu kundi lilikuwa linalia vichakani. Kubadilisha choki ni kazi ya kufumba macho: unahakikisha mtutu hauna kitu, unafungua ile, unafunga hii. Ningeweza. Lakini kuitoa wakati ule ilikuwa ni kukiri kwamba ilikuwepo tangu asubuhi, na mimi, ambaye asubuhi nzima nilikuwa nimemdharau mtu kwa kuogopa kuonekana mjinga, niliogopa kuonekana nilivyo. Tukarudi kwenye bakkie. Njia nzima kila robot, taa za barabarani za huku, ilitukamata.

Kesho yake mchana akapanda ngazi zetu zote tano na chupa ya supu. Mke wake alikuwa ameipika kwa nazi na pilipili manga, na siwezi kusema uongo, harufu ilijaza chumba na kutoka mpaka kwenye korido. Mama mkwe alikuwa ameegemezwa mito, ile kanga nyekundu mabegani, hakukubali kuivua tangu siku ile. Akainua pua. Akanyoosha mkono kuchukua kijiko yeye mwenyewe, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa wiki mbili, na mke wangu akageuka ukutani kuficha uso.

Kijiko kikaishia katikati. Mama hakumwangalia mwanawe. Aliniangalia mimi.

"Baba," akasema, "uliwahi?"

Shemeji alikuwa amesimama nyuma ya kitanda, kifuniko cha chupa mkononi. Akanitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na yalikuwa yananiomba. Yaliniomba waziwazi, bila duka, bila Mayfair, bila chochote. Kile nilichokitamani shambani nilikuwa nimeletewa nyumbani kwangu, na nilikitazama kwa muda kidogo kabla ya kujibu.

"Sikuwahi, mama."

Nilisema kweli, na ilinipasa niseme kweli. Lakini niliisema kwa raha, na nadhani mama aliisikia hiyo raha, maana aliniangalia zaidi ya ilivyohitajika. Akarudisha kijiko kwenye bakuli, taratibu, asimwage.

"Ahsante, mwanangu," akamwambia mwanawe. "Umehangaika. Nipeni uji wangu."

Nilipanga kurudi shambani Jumamosi iliyofuata na mtu mwingine. Jumatano mama hakuweza tena kumeza kitu ila matone ya maji. Alifariki siku ya kumi na mbili tangu supu ile, adhuhuri, nami nilikuwa kazini nikipiga brashi mtutu wa mtu mwingine mwenye viatu vipya. Tulimzika huku huku. Matangani, Mayfair, kwenye nyumba ambayo rangi yake hatimaye ilikuwa imekauka, shemeji aliwasimulia watu jinsi alivyoingia porini kwa ajili ya mama yake. Aliwaonyesha mikwaruzo ya miiba mikononi. Kuhusu kama mama alikula, hakusema, aliacha watu wajazie wenyewe. Nilimdharau nikiwa nimekaa mkekani nasoma Yasini, na kama dhambi hiyo imeandikwa, basi imeandikwa kwa kalamu nzito.

Nimeendelea kumdharau vizuri tu kwa miaka mitatu. Imekuwa kama mazoezi ya viungo. Watu wakimtaja napata cha kusema, na nilikuwa nimeizoea hadithi ya mchicha juu ya ugali mpaka naisimulia kwa ishara za mikono.

Mwezi uliopita akaja karakana. Amekonda, na mvi zimemshika. Alisalimia kila mtu, hata kijana wa Kizulu anayefagia. Alisema anauza bunduki, hajaigusa tangu siku ile na hana sababu ya kuwa nayo.

"Zile choki za kiwandani ulizitupa, shem?" akauliza. "Mnunuzi anataka seti nzima."

"Zipo."

Nikafungua droo nikatoa tatu, zimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Ya nne haikuwamo. Nilijua haimo. Ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, hatua tatu kutoka aliposimama. Kwa nini sikuwahi kuitoa, sijui. Kila mwaka baridi ikija nalivaa koti lile, kila mwaka ile choki inanigonga ubavuni ninapokimbilia teksi. Ningeweza kumwambia imepotea. Badala yake nilikwenda mlangoni, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, nikaitoa pamoja na ufunguo wake, nikaviweka juu ya meza.

Akaiokota. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ndiyo ipi?"

"Ya vichakani."

Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akihesabu kwa midomo bila sauti. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha akaliangalia koti. Ni koti la kijivu, kiwiko kimoja kimetiwa kiraka cha ngozi na bosi wangu, halifanani na lingine mji huu. Aliliangalia kwa muda mrefu kuliko alivyomlenga yule kanga.

"Siku ile ulivaa hili," akasema.

"Ndiyo."

"Na hii?"

Nikaanza kumwambia kwamba nilimshauri, hapa hapa, mbele ya meza hii hii, Jumatano ile, na yeye alicheka. Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo kwa miaka mitatu na yalikuwa yamekaa vizuri mdomoni. Aliyasikiliza yote mpaka mwisho, hakubisha hata moja.

"Ndiyo, nilicheka," akasema. Akairudisha choki mezani, akaisimamisha wima kando ya wenzake. "Lakini kule nilikuuliza, shem."

Ni kweli. Aliniuliza.